Kibodi ya pini tano iliyogoma kila asubuhi

Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na miezi iliyofuata kazi za kuchapa zilifurika. Kila mwenye barua yenye kichwa cha "Manispaa" alitaka isomeke "Jiji". Julai ya mwaka huo, upepo ukipeperusha vumbi mpaka ndani ya vibanda, niliitwa na mama mmoja, katibu muhtasi mstaafu, mwenye steshenari ndogo jirani na Soko la Majengo. Kompyuta yake ilikuwa inagoma kila asubuhi. Kioo cheusi, maandishi meupe kwa Kiingereza: kibodi haijaonekana, bonyeza F1 kuendelea. Na F1 yenyewe iko kwenye kibodi hiyohiyo isiyoonekana.

"Fundi, naambiwa nibonyeze, nabonyeza, haisikii," alisema. "Naizima kwa kidole palepale mbele, naiwasha tena, inakubali. Ila asubuhi ya kesho ni yaleyale."

"Jioni unazima vipi, mama?"

"Nazima Windows, halafu nazima swichi ya ukutani. Umeme wa hapa unakatika na kurudi kwa kishindo, siwezi kuiacha."

Majibu hayo mawili yalikuwa na thamani kuliko bisibisi zote za kwenye begi. Kifaa kinachogoma baada ya swichi ya ukutani kuzimwa, lakini kinakubali baada ya kuzimwa kwa kitufe cha mbele, mara nyingi hakijaharibika. Tofauti iko kwenye umeme wa akiba. Pawa saplai za siku hizi, yaani visanduku vya kugawa umeme ndani ya kompyuta, hazizimiki kabisa kwa kile kitufe. Hubakiza volti 5 ndogo, na kwenye mashine nyingi volti hizo hufika mpaka kwenye matundu ya USB. Kwa hiyo ukizima kwa kidole, kibodi inabaki macho. Ukizima ukutani, inalala kabisa na inabidi iamke upya.

Kibodi yenyewe ilikuwa IBM Model M, ile nzito ya springi, vitufe 101, isiyo na kitufe cha Windows. Alikuwa ameinunua ofisi moja ilipouza vifaa chakavu, na hakutaka kusikia habari ya nyingine. Sikumlaumu. Kwa mtu achapaye kurasa kutwa nzima, kibodi za mpira za bei ya chee ni adhabu. Waya wake uliishia kwenye plagi kubwa ya duara ya pini tano, ya enzi za kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984. Kompyuta ilikuwa ya mtumba, ndogo, isiyo na tundu la duara hata moja. Katikati yao kulikuwa na vitu viwili: adapta fupi ya kutoka pini tano kwenda plagi ndogo ya pini sita, yaani PS/2, na nyuma yake kigeuzi cha USB chenye matundu mawili, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa mausi.

Hapa watu wengi huchanganya mambo. Adapta ile ya kwanza haina akili yoyote ndani. Ni nyaya nne tu zilizobadilishwa nafasi. Inafanya kazi kwa sababu AT na PS/2 ya mwaka 1987 zinazungumza lugha moja, kilichobadilika ni umbo la plagi. Kigeuzi cha USB ni habari nyingine. USB ina lugha yake, na Model M haiijui. Lazima pawe na chipu ya kutafsiri. Ile plagi ndogo ya rangi isiyo na waya, inayouzwa kama njugu, haina chipu. Inafaa kwa kibodi zilizotengenezwa zikijua lugha zote mbili. Mama alikuwa nayo moja kwenye droo, aliyouziwa mwanzo. Ukichomeka Model M humo, taa zake zinamulika, mtu anashangilia, halafu hakuna herufi inayotoka. Taa zinathibitisha umeme umefika, basi. Na kuna mtego wa tatu: kibodi za IBM PC na XT, za kabla ya AT, zina plagi ileile ya pini tano lakini lugha tofauti kabisa. Baadhi ya kibodi za kuiga za miaka ile zina swichi ndogo kwa chini yenye alama X na A. Ikiwa kwenye X, utahangaika na adapta mpaka uchoke.

Tuliwasha tukiangalia taa tatu za juu kulia. Kibodi ya AT ikipata umeme hujipima yenyewe: taa zote zinamulika kwa pamoja kisha zinazima, halafu inatuma msimbo AA kusema iko salama, au FC kusema haiko. Zilimulika. Kwa hiyo waya haukukatika kwenye njia ya umeme, na ubongo wa kibodi ulikuwa hai.

Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, ingawa kila mtu alikuwa anasoma ule wa chini tu kwa kuwa ndio unaoamrisha. Wa juu ulisema saa ya mashine haijawekwa. Nilimuuliza kama kuna wakati barua pepe zinakataa kufunguka. Akasema ndiyo, asubuhi kivinjari kinalalamika kuhusu cheti cha tovuti, kisha baadaye kinatulia chenyewe. Hiyo ni dalili ya kawaida ya kompyuta inayodhani iko miaka kadhaa nyuma mpaka Windows ichukue saa kutoka kwenye intaneti.

Hata hivyo, kibodi ya umri ule huipi msamaha kwa sababu umeona mshukiwa mwingine. Nilipima mnyororo wote. Adapta ya pini tano ina mpangilio unaowapotosha mafundi, maana matundu hayahesabiwi kwa kufuatana. Ukifuata upinde ni 1, 4, 2, 5, 3. La katikati ni 2, data. Mawili yanayolizunguka ni 4, ardhi, na 5, volti 5. La pembeni, 1, ni saa ya mawasiliano, yaani mapigo yanayoongoza data, na 3 halitumiki. Upande wa plagi ndogo, data ni pini 1, ardhi 3, volti 5 iko kwenye 4, na saa kwenye 5. Multimita, kipimo cha umeme, ikiwa kwenye mlio wa kupima kama waya umeungana, kila jozi ililia, na hakuna iliyolia na jirani yake. Matundu yalikuwa na vumbi jekundu lililoshikana. Nililitoa kwa mswaki mkavu kisha pamba yenye isopropili, alkoholi ya kusafishia. Usitumie spiriti yenye mafuta, inaacha utando unaokamata vumbi zaidi.

Umeme niliupima kibodi ikiwa imeunganishwa, maana volti za bila mzigo hudanganya. Tundu la kijani la mausi lilikuwa wazi, na linagawana umeme uleule na la zambarau. Unabana sindano nyembamba kwenye ncha za multimita na kugusa tundu la 3 na la 4, kwa uangalifu zisigusane. Kigeuzi kilikuwa kimechomekwa kwenye USB ya mbele ya kasha, na multimita ilisoma volti 4.6. Nikakihamishia nyuma, moja kwa moja kwenye mazabodi, bao kuu la kompyuta: 4.9. Waya unaopeleka USB mbele ya kasha ni mwembamba na una viungio zaidi, na Model M inakula umeme kuliko kibodi za leo. Kanuni ya USB pia inabana: kabla kifaa hakijatambuliwa kinaruhusiwa miliampia 100 tu, na 500 baada ya kukubaliwa. Niliiacha nyuma, kwenye tundu jeusi la USB 2.0. Yale ya bluu kwenye mashine za umri ule mara nyingine hayaamki mapema kabla ya Windows.

Mabadiliko hayo hayakutosha. Tulipozima ukutani, tukasubiri taa ya mazabodi izime, tukawasha, ujumbe ulikuwa uleule.

Kuna njia ya kutoka pale bila kibodi ya pili. Mashine ikiwa imesimama inasubiri F1, chomoa plagi ya USB ya kigeuzi na uichomeke tena. Taa za kibodi zitamulika upya. Hesabu moja, mbili, kisha bonyeza. Kwa mama ilikubali mara ya kwanza. Ila ni plagi ya USB tu inayochomolewa hivyo. Ile ya duara, ya pini tano au sita, haikutengenezwa ichomolewe umeme ukiwepo, na kwenye mashine zenye tundu lake unaweza kuunguza fyuzi ndogo ya kwenye mazabodi. Hapo tundu linakufa na kibodi nzima inasingiziwa.

Kwa kuwa kuchomoa kulisaidia, jibu lilikuwa kwenye muda. Umeme ukifika, kibodi ya namna hii inaweza kukawia kidogo kabla ya kuanza kujipima, na kujipima kwenyewe kunachukua kati ya milisekunde 300 na 500. Kigeuzi nacho kinaamka, kinamsubiri mwenzake, kisha kinajitambulisha kwenye kompyuta. BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ikiwa na haraka inapiga hodi mara moja, haioni kibodi, inaandika kosa na kuacha kuuliza. Windows inakuja baadaye sana na kuuliza upya, ndiyo maana ndani ya Windows kibodi ilikuwa haina neno.

Niliazima kibodi ya kawaida ya USB kwenye duka la simu la jirani, nikaingia BIOS kwa F2. Tarehe ilikuwa imerudi ya kiwandani. USB Legacy Support ilikuwa imewashwa, vizuri, maana bila hiyo hakuna kibodi ya USB inayosikika kabla ya Windows. Lakini Fast Boot, mpangilio wa kuruka ukaguzi ili mashine iwake upesi, ilikuwa kwenye kiwango cha haraka kabisa na muda wa kusubiri ulikuwa sifuri. Mama akakumbuka kuwa aliyemuuzia mashine alikaa nayo muda "akipanga mambo kwenye kioo cha bluu", na ikaenda vizuri miezi mingi. Kwa maana hiyo mipangilio ilikuwa imeshafanywa, ikafutika.

Iliyoifuta ni betri ndogo ya kwenye mazabodi. Nililegeza kifuniko, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwasha kumaliza chaji iliyobaki, nikaipima betri hiyo, CR2032 ya umbo la sarafu: volti 1.8. Mpya husoma kidogo juu ya 3. Mashine inayoachwa kwenye umeme hutunza saa na mipangilio kwa ule umeme wa akiba. Inayozimwa ukutani kila jioni hutegemea betri usiku kucha. Swichi ya ukutani, iliyokuwa inailinda na umeme unaorudi kwa kishindo, ndiyo iliyoimaliza mapema. Sikumwambia aache. Betri ni bei ya soda, pawa saplai siyo.

Betri inabonyezwa klipu ya pembeni, inaruka yenyewe. Mpya inaingia upande wa jumlisha ukiwa juu, na usiishike kwa vidole vyenye jasho. Kisha nikarudi BIOS: tarehe na saa, Fast Boot kwenye ukaguzi kamili, muda wa kusubiri sekunde 5. Majina hayo hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini kila BIOS yenye adabu ina kitu cha namna hiyo. Onyo la kukosekana kwa kibodi niliacha limewashwa. Mafundi wengi hulizima tu, mashine inapita hadi Windows na mteja anafurahi. Siku anapotaka kuingia BIOS au kuokoa Windows iliyoharibika, anakuta hana kibodi, na hakuna aliyemwambia.

Tukazima ukutani. Tukasubiri dakika kadhaa ili capasita, vifaa vinavyohifadhi chaji, ziishe kabisa, maana jaribio la haraka hapa halijaribu chochote. Tukawasha. Taa tatu zikamulika, kioo kikakaa kimya kidogo kuliko zamani, kisha Windows. Mama akafungua ukurasa mtupu na kuandika Makole, Nkuhungu, Chang'ombe, akitafuta kitufe kilicholala. Herufi zote zilikuja na kile kinukta cha juu pia.

"Na hiki kitufe cha kuleta menyu ambacho wenzangu wanacho?" aliuliza.

"Bonyeza Ctrl na Esc kwa pamoja, mama."

Tulijaribu pia kuweka mausi ya zamani kwenye tundu la kijani, kwa kuwa alikuwa nayo. Ilifanya kazi, lakini niliitoa. Ingegawana umeme na kibodi kwenye waya mmoja wa USB, na hapo awali tulikuwa tumeona volti zilivyoshuka mbele ya kasha. Mausi ya USB ya elfu chache inakaa kwenye tundu lake na haimsumbui mtu. Kwenye kasha niliandika kwa kalamu ya wino mzito mwezi na mwaka betri ilipobadilishwa, na mshale kuelekea tundu jeusi la nyuma, ili msichana anayemsaidia kufagia asije akairudisha mbele.