Wild Things: msizime kabla ya majina

Mabishano ya Wild Things (1998), filamu ya njama na ulaghai, hapa Mombasa hayaishi: huyu "uhondo", yule "uchafu mtupu, tena haieleweki." Hao wa haieleweki, wengi wamezima mapema! Mwongozaji John McNaughton alichomeka vipande katikati ya majina ya waigizaji na watengenezaji yanayopita mwishoni: nani alipanga na nani, hata jino liling'olewaje. Nakala iliyokatwa majina ni hasara tupu. Ukimaliza, rudi mahakamani, pale Suzie, mmoja wa wanafunzi wawili wanaomshtaki mwalimu wao kwa ubakaji, anapoangua kilio kizimbani. Sasa mtazame usoni.

Wanaolalamikia matukio ya kitandani wana hoja, ila joto lile ndilo linalokupumbaza usihesabu pesa zinaenda kwa nani. Kasoro ni nyingine: vigeugeu vinazidi, mwishowe humhurumii yeyote. Na sebuleni mbele ya mama mkwe, haifai kabisa.