Pilipili na kilo zangu

Jamani tangu mwezi wa tatu nakula pilipili kila mlo, ile pilipili mbuzi mbichi kabisa, shoga yangu aliniambia inayeyusha mafuta. Mchana wali maharage nakatia moja juu, jasho linatoka puani na juu ya mdomo, masikio yanawaka moto, nikaamini kabisa ndo mafuta yanaondoka hayo. Napanda mzani kilo 84, wiki ya nne napanda tena 84.

Ikabidi nisome. Kumbe kinachowasha kinaitwa kapsaisini, inashika vipokezi vya joto mdomoni, mwili unadhani umeungua kweli ndo maana unatoa jasho ujipoze (mwanasayansi David Julius wa Marekani alipata tuzo ya Nobel 2021 kwa kugundua hicho kipokezi, na alianzia kwenye hiyohiyo kapsaisini). Kweli mwili unachoma nishati zaidi baada ya kula ila ni kidogo mno, chapati moja tu inafuta yote. Na jasho ni maji, ukinywa yanarudi.

Lakini kuna kitu nimekiona mwenyewe, chakula kikiwa kikali nakula taratibu, halafu mchicha wa kuchemsha na ndimu na pilipili unalika bila mafuta hata tone wakati zamani nilikuwa siugusi, kwahiyo chupa ya mafuta iliyokuwa inaisha wiki mbili saa hivi inafika mwezi. Leo niko 81.

Wenye vidonda vya tumbo msinifuate tafadhali. Mimi mwenyewe ya usiku nimeacha, nilikuwa nalala kifua kinawaka.