Programu ya imla kwenye Windows XP, Moshi 2015

Mwaka 2015 ofisi moja ya wakili mjini Moshi ilikuwa bado inaendesha kazi zake kwa Windows XP, ingawa Microsoft walishaacha kuihudumia tangu tarehe 8 Aprili 2014. Karani wao, mama mtu mzima, alikuwa anaumwa vifundo vya mikono. Wakili akamnunulia Dragon NaturallySpeaking 13 ili awe anasema na barua za Kiingereza zinajiandika. Programu ikagoma kuingia, nikaitwa nisaidie.

Toleo la 13 linaanzia Windows 7, iliyo mpya kuliko XP. Mtu alikuwa ameshajaribu kuilazimisha kwa hali ya utangamano (compatibility mode), na wengi hufanya hivyo bure: hali ile huisaidia programu ya zamani ndani ya Windows mpya. Windows ya zamani haiwezi kupewa kwa njia hiyo faili ambazo haijawahi kuwa nazo. Printa yao haikuwa na draiva (programu ya kuiendesha) ya Windows 7, kwa hiyo tukabaki na XP na muuzaji akatubadilishia toleo la 12.

Nalo lina masharti. XP iwe ya biti 32 yenye Service Pack 3 (mkusanyo wa tatu wa masasisho yake), na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 2. Mashine ilikuwa na GB 1, nikapata kipande kingine cha RAM aina ya DDR2 kwa mafundi wa Arusha.

Tatizo kubwa lilikuwa sauti. Kipimo cha maikrofoni kilikataa kila mara, na wote pale walikuwa wanalaumu matamshi ya mama, jambo lililoniuma. Nilirekodi sekunde chache bila mtu kusema, nikasikiliza kwa spika: mngurumo mtupu. Soketi ya ukutani haikuwa na waya wa ethi (unaoshuka ardhini), na kelele ya umeme wa hezi 50 ilikuwa inapenya kwenye kadi ya sauti ya ndani. Kuongeza nguvu ya maikrofoni kungekuza mngurumo pamoja na sauti. Fundi umeme aliitwa arekebishe ethi, nasi tukaweka hedseti ya USB, kwa kuwa hiyo hubadili sauti kuwa dijitali nje ya kasha la kompyuta.

Kuichomeka tu hakutoshi. Kwenye XP fungua Control Panel, Sounds and Audio Devices, kichupo cha Audio, uichague chini ya Sound recording. Kisha, ndani ya Dragon, tengeneza wasifu mpya wa msemaji (kumbukumbu ya programu kuhusu sauti ya mtu), maana ule wa zamani uliandaliwa kwa maikrofoni ya zamani. Tulichagua Kiingereza cha Uingereza. Lafudhi ya Afrika Mashariki haikuwemo.

“Mama, soma kama unavyosoma siku zote, usikatekate maneno,” nilimwambia. Programu hutumia maneno jirani kukisia neno, hivyo sentensi nzima hueleweka kuliko neno moja moja.

Barua ya kwanza ilitoka safi isipokuwa majina ya mahali. Kiboriloni, Rombo na Mwanga tuliyaingiza kwenye msamiati, mama akayatamka moja baada ya jingine, kisha wasifu wake nikaunakili kwenye flashi.