Kinu cha Mama

Desemba mwaka 2016 nilimpeleka binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, kwa mama yangu kijijini Uyui, nje ya Tabora mjini. Mvua zilikuwa zimeanza, maembe yameiva, na kila nyumba tuliyoingia kusalimia ilikuwa na karanga za kuchemsha, za kukaanga au za kutwangwa. Kwetu Unyamwezini, nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, isiyotiwa karanga huhesabiwa kuwa haijaungwa, na mgeni akiandaliwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, huwekewa na karanga za kutafunia. Huko ndiko kwao binti yangu, naye ana mzio wa karanga.

Mzio huo tuliujua alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, siku midomo yake ilipovimba baada ya kunywa uji wa lishe ambao unga wake ulikuwa umesagwa pamoja na karanga. Tangu hapo nikawa nanunua nafaka na kuzichagua mwenyewe, na mashineni naomba unga wetu usisagwe mara tu baada ya unga wa lishe wa mtu mwingine. Mama aliyajua hayo yote. Hakuwa kama wale walioniambia kwamba mtoto anadekezwa na kwamba angelishwa kidogo kidogo angezoea, maneno ambayo yaliniumiza kuliko nilivyoonyesha. Alitenga sufuria, mwiko na sahani, akaviosha kwa mikono yake, na siku ya pili akampikia mjukuu wake kisamvu cha mafuta kisicho na hata chembe ya karanga.

Lakini kisamvu hicho kilitwangwa katika kinu kilekile cha siku zote. Jana yake kilikuwa kimetwangiwa karanga, kikapanguswa kwa mkono kama ilivyo desturi, na kati yetu sote tuliokuwapo jikoni, nami nikiwamo, hakuna aliyekikumbuka. Kinu cha mti kilichotumika miaka mingi huwa na nyufa, na unga laini wa karanga huganda humo pamoja na mafuta yake. Tena kisamvu hata kikichemka mchana kutwa, moto hauiondolei karanga kile ambacho mwili wa mtoto wa namna hii unakikataa.

Alikuwa amekula matonge machache tu alipoanza kujikuna shingoni. Mabaka yakatokea kifuani, macho yakavimba, kisha sauti ikakauka akawa anakohoa kikohozi kifupi kifupi. "Mama, koo linabana," aliniambia. Nilimpa dawa ya maji ya mzio niliyokuwa nayo mkobani, huku nikijua kwamba dawa ile hutuliza mwasho na haiwezi kulifungua koo linaloziba. Sindano inayohitajika sikuwa nayo. Kijana wa jirani akawasha pikipiki, nikampakata mtoto, na njia nzima nilikuwa nasikiliza pumzi zake tu.

Kwenye zahanati tabibu alimtazama mara moja, akasikia jina la karanga, akamchoma adrenalini pajani upande wa nje bila kungoja maelezo mengine. Alitukataza kumsimamisha au kumtembeza. Baada ya dakika chache, ambazo kwangu zilikuwa ndefu mno, mtoto akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Nilitaka kumrudisha nyumbani, lakini tabibu akatuzuia hadi usiku, akitueleza kwamba dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata kama mgonjwa hajala kitu kingine.

Tulimkuta mama amekaa kizani uani, kinu kimelazwa miguuni pake. Kilikuwa cha marehemu bibi yangu. "Nimemlisha sumu mjukuu wangu kwa mkono wangu," alisema, na alikuwa amekwisha kuamua kwamba asubuhi angekipasua kuni. Nilimsihi asikipasue. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kilipotwangwa kile kisamvu, na hilo ninaliamini hadi leo.

Kabla hatujaondoka alimwagiza fundi kinu kingine, kidogo, pamoja na mchi wake. Kinakaa ndani chumbani kwake, kimefunikwa ungo, na jirani akija kuazima hupewa kile cha bibi kilichoko nje.