Kuijenga Go kuanzia msimbo wa C: kumbukumbu ya mradi wangu

Kwa miaka mingi nimeitumia lugha ya programu ya Go iliyokwisha kukompailiwa na wengine, na kila nilipoipakua swali lilinirudia: kompaila hii, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, nayo imekompailiwa na nini? Tangu toleo la 1.5 lililotoka Agosti 2015, kompaila ya Go imeandikwa kwa Go yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuijenga Go lazima awe na Go nyingine tayari. Asiyetaka kuanza na programu ya Go iliyojengwa na mtu mwingine hana budi kurudi hadi toleo la 1.4, la mwisho kuwa na kompaila iliyoandikwa kwa C, kisha apande ngazi hadi toleo la leo. Hiyo ndiyo kazi niliyojipa.

Sababu yangu si udadisi tu. Ken Thompson, mmoja wa watatu walioibuni Go pamoja na Rob Pike na Robert Griesemer, alieleza katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, namna kompaila inavyoweza kupandikizwa mlango wa siri unaojirudisha wenyewe kila kompaila hiyo inapojikompaili, hata kama msimbo chanzo hauna dosari yoyote. Kuanzia C hakuondoi shaka yote, maana bado ninaiamini gcc, kompaila ya C, lakini kunapunguza idadi ya vitu ninavyoviamini bila kuviona.

Ngazi yenyewe inapangwa na mahitaji ya kila toleo. Toleo la 1.4 linaweza kujenga hadi 1.19, 1.20 inadai angalau 1.17, 1.22 inadai 1.20, na 1.24 inadai 1.22. Nikachagua 1.4, 1.17.13, 1.20.14, 1.22.12 na mwishowe 1.24.1, kila moja katika saraka yake, kwa sababu kuchanganya matoleo mawili katika saraka moja ni kujitafutia taabu.

Hatua ya kwanza ilinigomea. Nilifungua kifurushi cha go1.4-bootstrap-20171003.tar.gz, nikaingia katika saraka ya src na kuendesha make.bash, skripti ya kuijenga Go, nayo ikaenda vizuri hadi ilipofika runtime/cgo, ikasimama hapo. Linka (programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa) ya Go ya mwaka 2014 haikuzielewa faili zilizotolewa na gcc mpya. Dawa imo katika maelekezo rasmi, ambayo niliyasoma kwa haraka kuliko ilivyostahili: CGO_ENABLED=0 iwekwe kabla ya kuanza, ili sehemu inayounganisha Go na C isijengwe kabisa. Baada ya hapo kompaila ya kwanza ilipatikana, na 1.17.13 ikajengwa juu yake bila kipingamizi.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifunza zaidi, na ilikuwa na hatari kubwa kwa sababu haikushindwa. Nilijenga 1.20.14, kazi ikakamilika, nikaanza hata kuandaa hatua ya nne. Jioni, nilipokuwa nikipitia matokeo niliyoyahifadhi kwenye faili, niliona mstari wa kwanza wa ujenzi ukisema:

Building Go cmd/dist using /usr/local/go. (go1.23.4 linux/amd64)

Hiyo haikuwa Go yangu. Ilikuwa ile niliyoipakua zamani, iliyobaki kwenye PATH, yaani orodha ya saraka ambamo mfumo hutafuta programu. Katika kigeu cha GOROOT_BOOTSTRAP, kinachoonyesha Go ya kuanzia iko wapi, nilikuwa nimeandika go1.17.3 badala ya go1.17.13, na make.bash ilipoikosa saraka hiyo ilitafuta Go nyingine yoyote kwenye PATH, ikatoa mistari miwili ya onyo, ikaendelea. Kwa mtu anayetaka Go inayofanya kazi tu, huo ni wema. Kwangu mimi mnyororo wote ulikuwa umekatika. Nilifuta saraka nzima ya 1.20.14, nikafungua terminali mpya yenye PATH ya /usr/bin:/bin pekee, nikaanza upya. Tangu hapo siendelei kabla sijausoma mstari huo wa kwanza, kwa kila toleo.

Matoleo ya 1.20.14 na 1.22.12 yalipita kwa utulivu. Inapendeza kuufuatilia ujenzi ukijitangaza: toolchain1 hujengwa na kompaila ya zamani, toolchain2 hujengwa na toolchain1, na toolchain3 hujengwa na toolchain2, ili kile unachokitumia mwishoni kiwe kimetokana na kompaila mpya yenyewe na si ile ya zamani. Kwa 1.24.1 niliendesha all.bash, ambayo baada ya kujenga huendesha majaribio yote, na nikasubiri hadi maneno ALL TESTS PASSED yakatokea.

Kilichobaki kilikuwa uthibitisho. Kuanzia toleo la 1.21, ujenzi wa Go hutoa matokeo yaleyale baiti kwa baiti, bila kujali kompaila gani ilitumika kuanzia. Niliendesha make.bash -distpack, nikachukua go1.24.1.linux-amd64.tar.gz iliyotokea ndani ya pkg/distpack, na kuipitisha kwenye sha256sum, programu inayotoa alama ya utambulisho kutokana na yaliyomo kwenye faili. Niliweka tarakimu zake 64 chini ya zile zilizochapishwa kwa kifurushi rasmi, nikazilinganisha nne nne hadi mwisho. Zilifanana zote. Kifurushi nilichokuwa nikikipakua kwa imani sasa nimekifikia kwa njia yangu, kutoka C.

Kompyuta yangu ya pili ni ya arm64, aina nyingine ya prosesa, na Go 1.4 haiwezi kujengwa humo kwa sababu Linux ya arm64 ilianza kuhudumiwa katika 1.5. Nitatumia bootstrap.bash kwenye mashine hii kuitengenezea kompaila ya kuanzia, nikiwa na PATH ileile fupi.