Mapafu ya mbio yaliishia mita 25

Mimi ni mkimbiaji. Si wa medali, ila zile kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon nazimaliza, pamoja na kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka kinachowatoa watu machozi. Kwa hiyo goti lilipoanza kuleta maneno na daktari akasema nitafute maji, sikuwaza pumzi hata kidogo. Nilichowaza ni vazi la kuogelea, na mama mkwe akisikia itakuwaje.

Kumbe bwawa la mita 25 tu, kutoka ukingo hadi ukingo, linatosha kunifanya niheme kama nimetoka kupandisha gunia Kibosho. Na sisi wa Kibosho tumekua na maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, yanaishia magotini. Unanyweshea migomba, unafulia, basi.

Mwalimu wangu ni kijana, ningeweza kumzaa. Alinitazama nikitimua maji, akachuchumaa ukingoni: "Mama, unagombana na nani humo?"

Barabarani nimezoea kwamba nikikaza, mwendo unaongezeka. Majini hesabu ni nyingine. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na ukitaka kwenda kasi mara mbili, ukinzani unapanda karibu mara nne. Ukikaza bila kunyoosha mwili, nguvu yote inaishia kwenye povu.

Halafu miguu. Mapaja ni misuli mikubwa, inakula oksijeni vibaya sana, na mimi nilikuwa napiga mateke kama nakimbizwa. Tena vifundo vyetu wakimbiaji ni vigumu: vidole vinaelekea chini ya bwawa badala ya kunyooka nyuma, kwa hiyo kila teke ni breki. Kijana akanipa lile boya la sponji nilibane mapajani, miguu itulie, nivute kwa mikono tu. Nilifika upande wa pili nikiwa na pumzi ya kuongea! Nyumbani sasa taarifa ya habari naiangalia nimepiga magoti sebuleni, nimekalia visigino, nyayo zimelala, ili vifundo vilainike. Si kwa muda mrefu. Goti lina mipaka yake.

Lakini kilichonibadilisha hasa ni kutoa pumzi. Nilikuwa naibana uso ukiwa majini, kisha nikigeuka nataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja. Haiwezekani. Ile hamu kali ya hewa inaletwa zaidi na kaboni dayoksaidi inayojaa mwilini kuliko oksijeni kupungua, kwa hiyo hata ungekuwa na mapafu ya mwanariadha Filbert Bayi, ukiibana utaona unakufa. Siku hizi uso ukizama tu naanza kuachia vipovu puani, polepole, kisha napuliza kilichobaki kwa mdomo na kugeuka, jicho moja likiwa bado majini. Nikiinua kichwa kizima, kiuno kinazama papo hapo.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe. Mita 50 taratibu, napumzika kidogo, narudia. Pumzi ikitulia nakwenda 100. Vijana wa njia ya pembeni wananipita, wanasimama ukingoni wakitweta, nami nawapita nikiwa mwendo ule ule, na sikatai, raha yake ipo. Kilomita moja ni kwenda na kurudi mara 20. Nimeshaimaliza bila kusimama, mwezi wa saba, maji yakiwa baridi ya kuuma meno.

Watu wananiuliza kwa nini nisifanyie Chemka, kule Hai, maji ya uvuguvugu na maangavu hadi mizizi ya miti inaonekana. Chemka ni pa kustarehe. Pana kamba, pana vijana wanaoruka kutoka juu, pana samaki wanaodona nyayo, na njia ya kutokea Boma Ng'ombe ina vumbi la kukurudisha mchafu kuliko ulivyokwenda. Anayeanza atafute bwawa lenye sehemu ya kusimama na mtu wa kumwangalia.

Kwa sasa nahangaika na upande wa kushoto. Kulia navuta hewa vizuri, kushoto navuta maji. Kijana anasema nigeuze kiwiliwili, si shingo. Jumamosi tutaona.