Mwarobaini wa Shangazi

Nyumba ya shangazi pale Isevya, Tabora, ilijulikana kwa mti wake. Ukiuliza njia unaambiwa, "Pale kwenye mwarobaini." Alfajiri watu walikuwa wanapiga hodi kuomba majani: huyu ana homa, yule mtoto wake katokwa na upele. Wengine walichemsha wakanywa, wengine wakaogea. Shangazi hakumtoza mtu hata senti.

Kasheshe ilianza alipohamia mpangaji wa chumba cha uani, mama mmoja wa Tanga. Hata mizigo hajamaliza kuingiza, akauangalia ule mti, akacheka.

"Dada, huu si mwarobaini. Huu mmelia."

"Mmelia ndiyo nini? Marehemu mume wangu aliupanda kwa mikono yake, na mche aliuziwa kwa jina hilohilo la mwarobaini."

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, niko kidato cha tatu, na kwa kuwa nasoma baiolojia wakaniona ndiye hakimu. Baiolojia yenyewe tulikuwa bado tunahangaika na sehemu za ua. Mama wa Tanga akanituma mtaa wa pili, kwa mzee mmoja wa reli aliyekuwa na mwarobaini uani, mche wake aliutoa Dodoma. Nikarudi na tawi, nikakata na la kwetu, tukayalaza yote mkekani.

Kwa mbali utasema ni mapacha. Ila jani la mzee wa reli lilikuwa na kikonyo kimoja tu, vijani vimejipanga huku na huku mpaka mwisho, kila kimoja kimepinda kidogo, ukingo una meno kama msumeno. La shangazi, kikonyo kikuu kilitoa vikonyo vingine pembeni, na vijani vilikaa kwenye hivyo vya pembeni. Ukishaliona hilo mara moja, hakuna wa kukudanganya tena. Isitoshe, mti wetu ulikuwa umeanza kupukutisha majani, na matunda yake ya njano, mviringo kabisa, yananing'inia kwa vishada. Tunda la mwarobaini ni la mviringo mrefu, na likiiva halikai sana mtini, ndege wanaliwahi. Maua nayo: mwarobaini hutoa meupe, wetu kila mwaka ulitoa ya zambarau.

Shangazi hakuwa peke yake, jamani. Linnaeus mwenyewe, yule mtaalamu wa Uswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, mwaka 1753 aliiweka miti hiyo miwili katika jenasi moja, yaani kundi moja la mimea ya karibu, ya Melia. Mwarobaini ulikuja kutengwa mwaka 1830 na kuitwa Azadirachta indica.

"Na hayo matunda ni sumu," mama wa Tanga akaongeza. "Wajukuu wako wanayachezea golori, mmoja akiyatafuna je?"

Hapo shangazi akanyamaza. Aliinua tawi lake, akaligeuza, akauliza, "Na waliokuwa wanakunywa?" Hatukuwa na jibu.

Jioni ileile tulifagia matunda yote uani tukayafukia. Mti wenyewe hakuukata, kivuli chake alikipenda, na jina hakulibadilisha. Aliyekuja kuomba majani alielekezwa kwa mzee wa reli. Kabla likizo haijaisha, matawi ya chini ya mti wa mzee yalikuwa yamebaki vijiti vitupu, na geti lake, ambalo siku zote lilikuwa wazi, likatiwa kufuli. Alipokutana na shangazi sokoni alimwuliza, "Mama, nimekukosea nini?"